Masikio Kumi na Nane

Endabash,
Karatu.
15 Januari 2023

Mpendwa kaka Emilian,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji Petronila mkiwa wazima huko Songea, na kwamba mvua kwenu imekuwa na huruma. Sisi wazima wa mwili. Mama goti linamsumbua, ila kanisani anafika.

Ningepiga simu, lakini simu ndiyo imetufikisha hapa. Ulisema shangazi Antonia akisikia: "Nyumba sita zifiwe kwa mkupuo? Xavery, hao ng'ombe wana miguu ya kwenda mnadani." Nilikata simu. Tangu nikiwa kibarua wa kahawa hadi leo nina mashine yangu ya kusaga, hajatokea mtu wa kuniita mwizi. Ukawa wewe.

Hesabu yako naijua, maana niliifanya mimi kwanza. Marehemu Baba aliwekesha ng'ombe watatu watatu kwa marafiki sita ili balaa moja lisimalize zizi. Uwezekano wa nyumba moja kufiwa na wote watatu, tuseme moja katika kumi. Nyumba zote sita: moja katika milioni. Nikalala usingizi juu ya hiyo milioni.

Kosa letu, kaka, tulizidisha kana kwamba nyumba hizo hazijuani. Ukame ulikausha maji yote, likabaki lambo moja. Wote wakanywesha hapo, pua kwa pua, na homa ya mapafu ikaingia. Ilipopatwa nyumba ya kwanza, ya pili haikuwa tena moja katika kumi.

Ndama waliozaliwa tuliwauza tukasomeshea watoto, ng'ombe kumi na nane wakabaki palepale. Miaka minane hakufa hata mmoja. Mwaka wa tisa wakaisha wote. Wastani ni wawili kwa mwaka, kama ulivyokuwa ukisema. Ila kifo hakikuja wawili wawili.

Unauliza ngozi. Najua desturi: ng'ombe akifa, mlezi huleta ngozi kwa mwenye mali. Bwana mifugo aliamuru wafukiwe na ngozi zao. Nikawaomba walezi wakate angalau sikio la kulia, lenye alama ya Baba. Mzee Josephati alileta yake matatu ndani ya kofia, akakataa kuketi.

Masikio yote nimeyatia chumvi yasioze. Mama huyaanika asubuhi, jioni huyarudisha chunguni. Hajayahesabu hata mara moja. Njoo uyahesabu wewe.

Nisalimie shemeji, na wanao Edna na Emmanueli. Mungu awalinde wote pamoja, maana kumbe hata mabaya huja pamoja.

Nikupendaye hata ukinishuku,
mdogo wako,
Xavery