Kidonge cha Kukhu, Nusu kwa Nusu

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka Malakisi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne juzi tu na sasa naishi na nyanya yangu, Kukhu Nabwile, na nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, hata kanisani nikiulizwa swali huwa natazama viatu vyangu. Nina pumu tangu utotoni, naye Kukhu ana ugonjwa wa viungo, magoti yamevimba hata akiinuka lazima ashike ukuta, na alipoenda hospitalini Bungoma alipewa vidonge vya kupunguza uvimbe, basi aliporudi akaniambia, "Si hata wewe kliniki walisema kifua chako kimevimba ndani? Dawa ni hii hii. Mungu ametuhurumia," akakata kidonge kwa kisu cha mboga, nusu yake, nusu yangu, na tangu hapo tukimaliza ugali tunagawana, kwa maana Kukhu hajui kula kitu peke yake, hata yai.

Shida ni kwamba nikimeza, kabla sijamaliza kuosha vyombo kifua kinabana na kupiga mluzi, nami najifungia bafuni navuta inhela yangu ya buluu nipate kupumua. Ile ya kahawia niliyoambiwa nitumie kila siku niliiacha, nikiivuta sisikii kitu, na pia Kukhu alisema, "Hiyo ya kila siku utaizoea ushindwe kuiacha. Nani ataoa msichana wa kutembea na pampu?" Siku moja nilijikaza nikasema, "Kukhu, leo acha nisimeze," akaniangalia akasema, "Haya. Ati umesoma, sasa mkono wangu unanuka," akaninunia mpaka asubuhi, na jioni iliyofuata nikameza tena.

Shangazi Sellah wa Kitale amenitafutia kazi ya kufundisha watoto wa chekechea, lakini Kukhu anasema hawezi kuniachilia kifua kikiwa hivi, na kifua kinazidi. Ni kidonge kweli ama najidanganya? Kama kinaondoa uvimbe wa goti, kitakosaje kuondoa wa kifua? Na nitamwambiaje bila kumvunja moyo?

Nekoye

*

Nekoye,

Hujidanganyi. Usimeze tena hicho kidonge, kuanzia leo.

Kabla ya kukujibu nilimpigia mfamasia mmoja wa hapa Kitale. Kukhu hakukosea aliposema nyote mna uvimbe. Lakini mwili una njia nyingi za kuvimba. Kidonge chake huzuia kemikali inayoleta maumivu na joto kwenye kiungo. Kwa baadhi ya watu wenye pumu, njia hiyo ikizibwa, mwili huongeza kemikali nyingine, na hiyo hubana mirija ya hewa. Si kila mwenye pumu hupatwa. Wewe unabanwa kabla sahani hazijakauka, unangoja ushahidi gani mwingine?

Sasa acha nikugombeze kidogo. Dawa yako ya uvimbe unayo, umeiweka tu ikae. Inhela ya buluu hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, basi. Uvimbe haiugusi. Ile ya kahawia ndiyo huutuliza, polepole, siku baada ya siku, kwa hiyo huwezi kuisikia ukivuta mara moja. Irudie, na usukutue mdomo kila ukimaliza. Si dawa ya kulevya. Na mwanamume atakayekimbia kwa kuona inhela, mfungulie mlango apite vizuri.

Kukhu naye anajiumiza. Nusu kidonge si kile daktari alichompimia, ndiyo maana bado anashika ukuta. Ameze chake kama alivyoandikiwa, baada ya kula, na akiumwa na tumbo au kupata choo cheusi arudi hospitalini haraka.

Wiki hii mwombe Shangazi Sellah awapeleke kliniki nyote wawili, umweleze daktari mambo haya yote. Ukienda kununua dawa ya maumivu popote, neno la kwanza liwe, "Nina pumu." Inhela ya buluu ikikosa kukusaidia, au ukishindwa kumaliza sentensi moja, ukimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Kuhusu kumwambia: uliposema "acha nisimeze," ulimnyima sababu, naye akajitafutia yake, kwamba unamdharau. Mluzi wa kifua chako hajausikia hata mara moja, kwa sababu unajifungia. Mwambie wazi, "Kukhu, nikimeza hiki nashindwa kupumua, na nimekuwa nikijificha usinione." Mtu anayekukatia dawa yake akabaki na maumivu hafanyi hivyo ili akupoteze. Akinuna, anune. Mjukuu anayepumua ana wakati wa kumbembeleza.