Samaki wa Bosi Niliyempiga Jiwe

Danson, acha kulinda hiyo geti ya mtaa wa Al-Safa kidogo usome hii. Leo nimejiaibisha, mzee mzima na wajukuu tisa!

Unajua vile nimekuwa nikimwomba bosi ruhusa nifike harusi ya mjukuu wangu Ivy huko nyumbani Kenya. Jana akaniambia, "Elijah, si unasema ulikuwa mvuvi Naivasha? Kesho wavulie wageni wangu samaki kwa bwawa la shamba, halafu tutaongea." Na huu mdomo wangu! Nikasema hakuna samaki ananishinda.

Na kweli nikamshika! Bass mkubwa, mrefu kama mkono wangu. Wageni wakapiga makofi. Bosi akatoa simu apige picha.

Mimi nami nikachukua jiwe. Pa! Kichwani. Nikampasua tumbo hapo hapo, vile tulizoea nyumbani, asiharibike na hili jua la Riyadh.

Danson, bosi akashusha simu!

Bosi akasema polepole, "Elijah, huyo hushikwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Nimemlea miaka minne."

Nikamuuliza, "Anarudishwa, bosi? Sasa mtu anakula nini?"

Eti mtu anakula nini! Na matumbo bado nimeyashika mkononi! Nikajua harusi, halas, imeisha.

Mgeni mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Bosi naye akashindwa kujizuia. Akafungua app ya serikali kwa simu, akaniwekea ruhusa ya kusafiri hapo hapo.

"Yalla, nenda Kenya miezi miwili," akasema. "Samaki wangu wapumzike."