Nyumba ya Binti wa Escoubas

Jumatatu, 9 Januari 2023

Nimenawa mikono mara tatu na bado naisikia harufu ya lile godoro.

Leo Escoubas kanionyesha nyumba yake ya ghorofa ya pili, mtaa wa Saint-Cyprien. Ni kwa ajili ya wageni wangu kutoka Finland – mhandisi wa ndege, mkewe, na binti yao wa miaka minne. Wanatua Toulouse kesho jioni, na kazi yangu ni hiyo: kuwatafutia wageni nyumba na kuwashika mkono mpaka taa iwake.

Nyumba yenyewe nzuri. Madirisha makubwa, sakafu ya mbao, rafu za jikoni zimetandikwa karatasi safi iliyokatwa kwa mkasi, ncha kwa ncha. Uchafu wote kauleta Escoubas mwenyewe. Ili aipangishe kama nyumba yenye samani, kajaza takataka za nyumba zake nyingine. Godoro lina doa la kahawia pana kama sinia. Mpira wa mlango wa friji umekuwa mweusi, unateleza. Chumbani kapaka rangi nyeupe juu ya ukungu. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikarudi kimelowa.

"Wageni wanapenda nyeupe," akasema. Huku anajichokonoa meno kwa kona ya kadi yangu ya kazi. Kisha kairudisha mfukoni.

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba kidogo kuna alama za penseli. Urefu wa mtoto. Ya kwanza, 1986. Nikamuuliza nani alikuwa akiishi hapa.

"Bibi mmoja. Kahamia kwa mwanawe mwezi uliopita. Kwa hiari yake, tuliagana kwa mabusu."

Mabusu. Maskini yule bibi.

Jumanne, 10 Januari

Escoubas kanipigia simu nikiwa naandaa mkataba. Kuna sehemu inayouliza kodi aliyolipa mpangaji aliyetangulia. Sheria inataka iandikwe, maana mjini hapa huwezi kuirusha kodi juu utakavyo, ila nyumba iliyokaa tupu zaidi ya miezi kumi na minane haibanwi.

"Régine, mrembo wangu, hapo andika nyumba ilikuwa tupu. Zaidi ya miezi kumi na minane."

Nikamwambia jana tu alinieleza bibi kaondoka mwezi uliopita.

"Jana nilikuwa napiga soga. Leo tunaandika."

Nikaandika. Miezi kumi na minane na zaidi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Ana nyumba kumi na moja huyu mtu. Nusu ya wageni wangu wamelala ndani ya nyumba zake.

Kisha ofisini tukakata keki ya Wafalme, ile ya Januari inayofichwa kisanamu ndani; anayekipata ndiye mfalme wa siku. Kipande changu ndicho kilichokuwa na sanamu. Wakanivika taji la karatasi. Nilikaa nalo mpaka saa kumi, sikukumbuka kulivua.

Jumatano, 11 Januari

Wamesaini. Mume, Tuomas, kasaini na kukimbilia kiwandani. Mke anaitwa Kaisa. Mrefu, nywele nyeupe kama pamba, anavua viatu mlangoni hata kwenye nyumba chafu. Soksi zake nikazionea huruma.

Nimempa somo langu la kila mara. Kwanza bima ya nyumba, bila hiyo hupewi funguo. Kisha umeme: piga picha ya mita siku ya kwanza. Karatasi ya umeme ndiyo itakayokufungulia akaunti benki, ila kampuni ya umeme nayo itataka akaunti ya benki. Kaisa akasimamisha kalamu.

"Sasa mtu anaanzia wapi?"

"Kwangu. Ndiyo maana mnanilipa."

Akacheka. Anaandika kila kitu kwenye daftari, kwa namba. Wasalimie majirani kwenye ngazi, hata kama hawakuitikii. Usitoboe ukuta Jumapili. Kila kasoro uione na uiandike leo kwenye hati ya ukaguzi, maana siku ya kuhama itakuwa yako.

Tukakagua wote. Alipofungua friji aliziba pua, akafunga, akaomba limau na siki. Kaisugua mwenyewe, amepiga magoti, anaimba kwa lugha yake. Escoubas kasimama nyuma yake anamwangalia. Si friji aliyokuwa akiiangalia. Nikasogea nikasimama katikati.

Jumamosi, 14 Januari

Siku mbaya.

Nilikwenda kumsaidia Kaisa kupokea vitanda vipya (godoro tumeliteremsha wenyewe, tumevaa glavu, kama tunabeba maiti). Kwenye ngazi tukakutana na mzee wa ghorofa ya tatu, Bwana Puntous, na kijibwa chake. Kanivuta pembeni. Anasema Bibi Viguier, Paulette, kakaa humu miaka thelathini na minane. Kiangazi kilichopita Escoubas kamwandikia barua: binti yangu anataka kuishi hapo, mkataba ukiisha Desemba, ondoka. Sheria inamruhusu, kama ni mtoto wake. Sasa bibi analala kwenye chumba cha nyuma kwa mpwa wake, huko Muret.

Nikamwambia nimesikia kahamia kwa mwanawe.

"Mwana gani? Damien alikufa kwa ajali ya pikipiki, ana miaka kumi na tisa. Paulette hakutaka kuhama kwa sababu hiyo, chumba cha mtoto kiko humo." Akamtazama Kaisa, aliyekuwa amebeba mito miwili. "Kwa hiyo huyu ndiye binti wa Escoubas?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeketi hapa najiuliza nani alikiinamisha kile kichwa. Hakuna aliyenilazimisha. Ingekuwa rahisi vilevile kusema sijui.

"Ana sura nzuri," mzee akasema. "Hajamfuata baba, ashukuru."

Kaisa alitabasamu, akamsalimia kwa Kifaransa chake kidogo, bonjour monsieur. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza: kasema nini?

"Anakukaribisha," nikasema.

Jumanne, 17 Januari

Nimekula na Escoubas. Yaani yeye kala. Utumbo wa ng'ombe kwenye mchuzi mzito, anauvuta kwa vidole, anapangusa kidevu kwa mkate, kisha anaula ule mkate.

Nikamuuliza binti yake yuko wapi.

Katafuna mpaka kamaliza. "Binti gani? Nina wavulana wawili, na hakuna hata mmoja anayenipigia simu."

Nilijua. Tangu Jumamosi nilijua, ila kulisikia mdomoni mwake, na ule mchuzi ukimchuruzika, niliisukuma sahani yangu pembeni.

Nikamwambia huo ni uongo wa kupelekwa mahakamani. Bibi akiupata mkataba mpya mkononi, wewe umekwisha.

"Ataupata wapi? Kwako?" Akaweka mkono juu ya wangu. Una mafuta, una joto. "Kwanza, mpenzi, nani kaandika miezi kumi na minane? Saini ni yangu, mwandiko ni wako. Kula kidogo, umekonda."

Nikautoa mkono. Nikaufutia kwenye kitambaa cha meza mbele yake. Hilo ndilo jambo la pekee la kishujaa nililofanya leo, na halikumfikia hata kidogo. Alikuwa anamwita mhudumu alete jibini.

Jumatano, 18 Januari

Sijala. Wageni wa Brazil wameandika, wanakuja Machi, wanataka vyumba vitatu karibu na mto. Escoubas anavyo. Sikujibu.

Nimetoa nakala ya mkataba wa Kaisa. Nimeitia kwenye bahasha. Nimeandika juu: Bibi Paulette Viguier, Muret. Halafu nikakumbuka sijui mtaa. Nikafurahi kutojua. Hiyo furaha ndiyo iliyonichefua kuliko utumbo wa jana.

Ijumaa, 20 Januari

Niko chooni kwa Kaisa. Nimefunga mlango, nimeketi juu ya kifuniko, naandika juu ya goti. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Nilikuja kumjazia fomu za shule ya mtoto. Saa nne kengele ikalia. Mlangoni bibi mfupi, koti la buluu, kapaka rangi ya mdomo. Mkononi mfuko wa keki, na karatasi iliyokunjwa.

"Samahani kuwasumbua. Mimi Paulette Viguier, nilikuwa nakaa hapa. Puntous kaniambia binti wa Bwana Escoubas kaingia, tena mtu mpole sana. Nikasema nimletee maelezo ya nyumba. Peke yake hataijua."

Nilidhani atakuja kugombana. Nilishajiandaa, nina majibu ya kisheria tayari. Sikujiandaa kwa hili.

Kaisa kamkaribisha, kampa kiti, kawasha kahawa. Bibi alitazama karatasi zake za rafuni, bado zipo, Kaisa hakuzitoa. Akafungua orodha, na mimi nikatafsiri, neno kwa neno. Bomba la jikoni lizungushe kushoto kwanza, ndipo kulia. Dirisha la ukumbini likivimba na mvua, lisukume kwa nyonga, si kwa mkono. Kabati la chumba kikubwa liache wazi kiganja kimoja kutoka ukutani, ukungu unapenda hapo. Yeye alipapangusa kwa siki kila Jumamosi. Mwokaji wa kona mzuri, ila Jumatatu hufunga. Chumba kidogo kina jua la asubuhi, mlaze mtoto humo.

Kaisa anaandika kila kitu, kwa namba. Akaniomba nimwambie bibi kuwa hakuna aliyemsaidia hivi tangu wafike. Nikamwambia. Bibi akaona haya, akamgusa Kaisa shavuni.

"Kama ningejua ni wewe unayekuja," akasema, "nisingelia sana." Hilo sikulitafsiri. Nilisema tu, kafurahi kukujua.

Kisha akauliza: "Na baba yako, hajambo?"

Kaisa akanigeukia. Kasema nini?

Nikasema naomba kwenda msalani.

Ukuta huu mwembamba, nawasikia. Wananisubiri. Bibi anarudia swali, polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na wageni. Baba. Baba yako. Kaisa kalidaka neno la Kifaransa, papa, yaani baba, nani asiyelijua.

"Papa?" anasema. "Ah, papa! Papa, Finland. Oulu. Papa" – anatafuta neno, analipata, nililomfundisha mwenyewe juzi aliponieleza habari za kwao – "mvuvi. Mstaafu."

Kijiko kimewekwa kwenye sahani.

"Papa wako," bibi anasema. Si swali tena. "Papa wako ni mvuvi."

"Ndiyo, ndiyo," Kaisa anasema, kafurahi kueleweka.

Kiti kimesogezwa. Viatu vya bibi vinakuja huku ukumbini, taratibu, vimesimama. Hagongi. Nauona mlango na namwona kwa chini, kivuli cha miguu miwili.

"Bibie," anasema. "Wewe uliye humo ndani. Wewe unajua Kifaransa."