Ulipopaka Chokaa Juu ya Namba Yetu

Mwanaheri, mdogo wangu wa pekee,

Sikuulizi hali. Nina hasira, na mtu mwenye hasira hana nafasi ya kuuliza hali.

Mimi, niliyepika melini mpaka Karachi, niliyegombana na Wagiriki kwa Kigiriki chao, nakwenda Mariakani siku nne kununua mbuzi, narudi nakuta nyumba nyeupe kama yai na wewe u Maskati, mke wa mtu! Habari nimepewa na Bi Zuhura jirani, huku akicheka: "Mwenye dada hajui? Ami yako kasimama walii, na biriani tushakula jana."

Ami! Baba yetu hayupo, kaka mkubwa ni mimi, idhini ya kukuoza ni yangu. Nilikuwa Mariakani, Mwana. Sikuwa kaburini.

Kisha nikaingia jikoni. Najua nyumba ya harusi lazima ipakwe chokaa. Lakini ukuta ule! Ule nilioandikia namba kwa mkaa!

Wakumbuka yule mzee Mtaliano niliyekuwa nikimpikia, alipotuachia kompyuta yake na televisheni ndogo? Na ile kaseti ya mchezo: chombo chako kimeanguka kwenye sayari, hewa inakwisha, utafute maji na chuma upone. Mzee alituambia sayari hazimo ndani ya kaseti. Mna hesabu tu. Unaipa namba moja ya kuanzia, yeye akiiita mbegu, nayo mashine inaizidisha na kuikata mpaka zinatoka nyota, milima na mapango. Namba ileile, dunia ileile, hapa au kwao Italia. Kosea tarakimu moja, umepata dunia nyingine.

Nilisema mzee anatudanganya. Stima ikakatika, kila kitu kikafutika. Iliporudi ukaandika namba upya, ukapiga ukelele: "Kaka, njoo uone! Jiwe ni lilelile, na barafu iko nyuma yake!"

Tangu hapo wewe ndiye uliyebonyeza, mimi nahodha wa kutoa amri. Lile bonde jekundu la sayari yetu tukaliita Marafa, kama korongo la kwetu. "Nahodha," ukinicheka, "punguza maneno, hewa imebaki pumzi nne."

Basi namba ilikuwa na tarakimu nane, na mimi nakumbuka mbili za mwanzo. Zilizobaki nabahatisha kila siku baada ya alasiri. Juzi nimetua kwenye sayari ya matope, nikafa hata sijajitamba. Marafa yetu siioni. Namba unaijua wewe tu, kwa kichwa, na ukaifuta kwa mkono wako.

Siku moja, Mwana! Ungeningoja siku moja! Na wewe ndiye uliyejua tarakimu moja hufanya nini.

Nilipiga kelele barazani mpaka Bi Zuhura akatoka. "Wachumba watatu wa dada yako umewafukuza kwa mzaha," akasema. "Mmoja ulimwambia masikio yake yatosha kuwa tanga, nauli ya nini. Mwenzio akungoje umcheke na wa nne?"

Nikaingia ndani, nikajifungia mlango. Mimi! Hapo ndipo hasira ilipopanda mpaka utosini.

Namba utaniandikia, hiyo ni amri. Na usidhani nimepoa, sijapoa. Lakini sitaki dada yangu aishi kwa idhini ya kuazima. Jana nimemwita mume wa Bi Zuhura na mwadhini wa msikiti wetu wawe mashahidi, nikasimama uwanjani, nikasema: "Mimi, kaka yake Mwanaheri, nimeridhia. Nimemuoza kwa mume aliyemtaka mwenyewe."

Mwadhini akaziba masikio. "Sheikh, mbona wapiga kelele hivyo?"

Nikamwambia, "Maskati ni mbali."

Ni mimi, kaka yako, na walii wako