Mizunguko Saba Msituni

Kakamega, 3 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na presha imetulia kama mgeni mwenye adabu. Sisi huku hatujambo. Sumaiya na watoto wanakusalimu, na duka la spea za pikipiki linaendelea kunilisha bila kuninenepesha.

Nimeona nirudie kalamu. Simu tulijaribu, ukawa hunisikii, nami nikapaza sauti dukani hadi wateja wote wakajua habari za tumbo lako. Yasin wa gari la mkate amekubali kubeba barua kila akija Mumias. Anasema hatazisoma. Namwamini, maana hata risiti zake hazisomi.

Baba, nina swali la dini, lakini ngoja nianzie mbali kidogo. Unajua kila Jumamosi nakimbia msituni na Kipyegon, yule rafiki yangu wa Likuyani anayeuza mbegu za mahindi. Tukienda mashindanoni watu wanapanga foleni kupiga picha naye kwa sababu ya jina tu, wakidhani ni wa ukoo wa mabingwa. Halafu anamaliza wa mwisho, na mimi nimemtangulia kwa hatua chache. Hatujawahi kushinda hata kikombe cha plastiki.

Mwaka juzi uliniuliza, "Unakimbia kwenda wapi?" nikainama kufunga kamba za viatu. Leo nitajaribu kujibu. Wiki nzima nauza minyororo na breki za safari za watu wengine. Jumamosi nikiingia chini ya ile miti, udongo ni baridi, mizizi inanitega kama watoto watundu, mbega wananitazama kutoka juu kama kamati iliyokwisha kuamua. Nikienda muda, jina langu linanitoka. Dauda wa spea hayupo. Kinabaki kifua na miguu. Msikitini huwa nakaribia kuwa hivyo. Msituni ndiko nafika. Usinikasirikie, uliniuliza mwenyewe.

Sasa mashindano makubwa ya msitu yamewekwa katikati ya Ramadhani. Waandaaji hawakutuuliza. Kuna mbio fupi na mbio ndefu, nami nimejiandikisha zile ndefu, kilomita themanini na nne, kwa sababu ya sheria. Ulitufundisha madrasani kwamba anayesafiri kilomita themanini na kitu ana ruhusa ya kula mchana, siku hiyo ataifunga baadaye. Zile fupi zisingenifikisha kwenye ruhusa. Basi nataka kauli yako: nikizikimbia, mimi ni msafiri? Njia yenyewe ni mizunguko saba humo humo msituni. Unaanzia kwenye hema na kumalizia kwenye hema hilo hilo.

Mwanao,
Dauda

Mumias, 10 Februari 2025

Mwanangu Dauda,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Presha si mgeni tena, imeshapewa chumba. Magoti ni mazima nikiwa nimekaa. Dada yako Asiya siku hizi ananipikia obusuma, ugali wetu, laini kama uji, nadhani anaona meno nayo yameziba pamoja na masikio.

Swali lako nililisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu mpaka Asiya akaja kuniangalia. Nimefundisha madrasa tangu hujazaliwa. Nimeona watoto wakitafuta ruhusa ya kula Ramadhani kwa jino, kwa kichwa, mmoja alidai amemeza inzi na sasa saumu haina maana tena. Wewe ndiwe wa kwanza kuitafuta kwa kukimbia kilomita themanini na nne.

Jibu ni hili. Msafiri hutoka kwake akaenda mahali. Wewe unatoka hemani kwenda hemani. Hata anayeizunguka Kaaba mara saba hasemi amesafiri. Yule ng'ombe aliyezungusha kinu cha miwa cha babu yako alitembea umri wake wote, na alikufa pale pale alipozaliwa. Ungekimbia kutoka Kakamega mpaka Eldoret ningekuruhusu, na chai na mandazi juu yake. Kwa mizunguko hiyo wewe ni mkazi, na mkazi mwenye afya anafunga.

Basi lifikirie vizuri. Mbio ziko nyingi.

Baba yako

Kakamega, 17 Februari 2025

Kwa Baba,

Assalamu alaykum. Sote wazima, natumai nanyi pia. Kauli yako nimeipata, pamoja na ng'ombe. Kipyegon nilipomsomea alisema, "Huyu mzee wako angekuwa wakili hakuna mtu angefungwa." Nimekuelewa, Baba, na nitafuata kama ulivyoandika. Mwambie Asiya akaze obusuma kidogo.

Mwanao,
Dauda

Mumias, 3 Aprili 2025

Mwanangu Dauda,

Salamu za Idi. Natumai mliila vizuri. Sisi tulikula tukiangalia mlango.

Ulipoandika kwamba utafuata, nilimwambia Asiya, kijana amekua, ameacha mbio bila kugombana na mtu. Nikasema Idi akija nitamsifu mbele ya watu, jambo ambalo unajua silifanyi ovyo. Hukuja. Sumaiya alimwambia Asiya kwa simu kwamba una malaria. Sawa, malaria iko. Lakini ni malaria gani inayomzuia mtu kuandika hata mstari mmoja? Yasin nilimuuliza, akaanza kukagua matairi ya gari, na matairi yale ni mapya.

Nimekutumia tende kidogo. Niandikie.

Baba yako

Eldoret, 19 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuomba usome ukiwa umekaa, na Asiya awe karibu. Niko hai, hospitalini. Mwandiko umepinda kwa sababu mkono mmoja wana kazi nao.

Nilikimbia, Baba. Nilikimbia nikiwa nimefunga.

Nilikula daku vizuri na nikanywa maji mengi. Nikameza vile vidonge vyangu vya goti, ambavyo nimekuwa nikivimeza miaka kama njugu. Mizunguko ya kwanza ilikuwa mitamu kuliko kitu chochote nilichowahi kukimbia. Msitu ulikuwa na ukungu, na sikuwa na kiu wala jina. Jua lilipopanda nikawa nasukutua mdomo kwenye meza ya maji na kutema, nikijimwagia kichwani, wale vijana wa meza wakadhani nakunywa.

Kipyegon ndiye aliyejua. Mzunguko wa tano alinishika mkono pale mezani.

"Dauda, kunywa. Mzee wako hakuoni."

Nikamwambia, "Mzee wangu hasikii. Kuona anaona."

"Basi keti. Kwani lazima umalize?"

"Magharibi iko karibu. Nitamaliza nikifuturu."

"Karibu wapi? Hata kuku hawajafikiria kulala."

Akatembea na mimi, akaacha mbio zake. Mzunguko wa sita nilianza kumwita Kipyegon kwa jina lako. Halafu nikaanguka, nikashika matope ya mto na kuyaona mazuri. Hilo ndilo la mwisho ninalokumbuka. Yeye na mlinzi mmoja wa msitu walinibeba kwa blanketi hadi barabarani. Nilipokojoa mara ya kwanza hospitalini mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, na baada ya hapo haukuja kabisa.

Daktari anasema figo zimelala. Misuli ilivunjika, maji hayakuwepo, na vidonge vilikuwa vimeanza kuziharibu zamani bila kuniambia. Wananisafisha damu kwa mashine. Anasema wakati mwingine figo huamka baada ya miezi michache. Nilimwomba Sumaiya asikuambie mpaka niweze kushika kalamu. Usimlaumu, wala Yasin na matairi yake.

Tende zimefika. Nimekatazwa kuzila. Wauguzi wanakushukuru.

Mwanao,
Dauda

Mumias, 21 Aprili 2025

Mwanangu Dauda,

Wa alaykum salaam. Nilikaa, na Asiya alikuwepo. Tunakuja Ijumaa baada ya swala.

Nitaandika kidogo, maana tukionana tutazungumza mambo ya hali ya hewa, nakujua na najijua. Ile kauli niliiandika ili usiende. Nilidhani mtu akinyimwa maji atanyimika na mbio. Hukunyimika. Kwamba mtu akihofia kudhurika anafungua saumu hapo hapo, hata kama jua liko utosini, hilo nimewafundisha watoto wa Mumias hadi wanaliimba. Kwako sikuliandika, kwa sababu nilikuwa namwandikia mtu aliyekaa nyumbani.

Figo zangu zina umri lakini hazijatumika sana. Muulize daktari.

Baba yako

Kakamega, 25 Agosti 2025

Kwa Baba mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumai magoti yamesahau ile ngazi ya hospitali. Daktari bado anakutaja. Anasema hajawahi kuona mzee wa presha na sukari akibishana hivyo ili akatwe figo. Damu ya Asiya ilikataa, ya Sumaiya pia, na watu wengine tuliowauliza wana sababu nzuri sana.

Nimerudi nyumbani. Mashine sasa naipata hapa mjini, mara mbili kwa wiki, na siku inayofuata nalala kuupata mwili tena. Maji napimiwa. Nina kikombe changu cha bati, kikiisha kimeisha hadi kesho, kwa sababu nikinywa zaidi maji hayana pa kutokea, yanapanda kifuani. Kwa hiyo nimefunga, Baba, kila siku, na magharibi haifiki.

Kipyegon anakuja Jumamosi akitoka msituni. Hasemi kitu kuhusu mbio, anaongea bei ya mbegu. Lakini anakaa karibu na mimi na viatu vyake vya matope, navinusa kwa siri. Juzi nilimwomba anipeleke. Tuliingia mpaka kwenye ule mteremko wa kwanza, hatua kama za kutoka duka langu hadi stendi, nikashika mti. Akasema, "Tupumzike, hata mimi nimechoka." Alikuwa hajatokwa hata na jasho. Tulirudi. Viatu vyangu nilimpa yeye, vinambana, anavivaa hivyo hivyo.

Daktari bado anasema tungoje. Alikuwa akisema akinitazama. Sasa anasema akitazama karatasi.

Mwanao,
Dauda

Kakamega, 19 Januari 2026

Kwa Baba mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai mwaka umeanza vizuri kwenu. Kwetu umeanza tu.

Nina swali tena la dini. Nakuomba safari hii usinijibu kwa kunichekesha, au ukinichekesha, useme na jibu lenyewe.

Ramadhani nyingine inakaribia na zile siku za mwaka jana, tangu nilipoanguka, sijazifunga. Sheria naikumbuka hivi: mgonjwa anayetarajiwa kupona anangoja apone, kisha anazifunga. Asiyetarajiwa kupona hadaiwi saumu tena. Anatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, basi.

Mimi ni yupi kati ya hao wawili?

Daktari nilimuuliza akasema hilo ni la dini. Imamu wa hapa akasema hilo ni la daktari. Sumaiya akasema nile ninyamaze. Wewe ndiye uliyebaki. Ukiniambia ningoje, nitangoja, wala sitakuuliza mpaka lini.

Mwanao,
Dauda

Kakamega, 9 Februari 2026

Kwa Baba,

Assalamu alaykum. Natumai mu wazima. Yasin amepita mara kadhaa na mkate bila barua. Anasema alikukuta umekaa na kitabu, ukampungia mkono aende. Nimemwambia huenda unatafuta mfano mzuri. Mimi nipo. Kikombe ni kile kile.

Mwanao,
Dauda

Mumias, 14 Februari 2026

Mwanangu Dauda,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Presha ipo. Asiya anakusalimu, na jana alikaza obusuma bila kuambiwa.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta. Vitabu vyote nilivyo navyo nimevipitia, hata kile kilicholiwa na mchwa, nikasema labda neno lenyewe lilikuwa kwenye kurasa zilizoliwa. Nilitafuta mwanachuoni mmoja, hata mdogo, hata wa mbali, anayesema mtu kama wewe angoje. Nilikwenda kwa daktari mwingine huku Mumias na karatasi zako alizonipa Sumaiya. Alizisoma zote. Alikuwa mtu mwenye heshima, hakuniambia tungoje.

Ningeweza kukuandikia hata hivyo. Ungenisikiliza. Safari iliyopita ulinisikiliza.

Basi asubuhi hii nilipima mchele, kibaba kwa kibaba, kwa siku zako za mwaka jana, nikampelekea Mama Khadija, yule mjane wa nyuma ya msikiti. Sikumtuma Asiya, nilibeba mwenyewe. Mama Khadija aliushika mchele akasema ni mzuri, hauna mawe. Akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wako, mwanangu. Nikamwambia mwezi ukiandama aje kila asubuhi, siku zote za Ramadhani, atapata kibaba.

Akauliza, "Na mwakani, Mwalimu?"

Nikamwambia aje na mwakani.

Baba yako