Sauti ya Chini ya Mama

Gongoni, Tabora

Dada Shamila, shikamoo.

Huku hatujambo, na wateja wananifuata hata kutoka Ipole. Siku hizi vile vitufe vya redio vya kutelezesha sauti naviboresha. Ndani yake naongeza mguu wa pili wa shaba, ili ule wa kwanza ukifika palipolika kwenye njia yake, wa pili uguse sehemu ambayo bado ni nzima. Havikwaruzi tena.

Redio ya marehemu mama uliyoitaka nimeifungua. Ile njia nyeusi kinapopita kitufe imelika mahali pamoja tu, chini kabisa. Kumbe miaka yote sita tangu mdogo wetu Idrisa aondoke, mama aliiacha sauti hapo. Tulidhani hapendi kelele. Alikuwa anasikiliza mlango.

Usimlaumu mdogo wetu kwa kutokuja mazikoni, dada. Mimi ndiye niliyemfukuza, nikamwambia mama kaondoka mwenyewe.

Redio imepona, ila sijaituma. Kila asubuhi napandisha sauti hapa dukani. Nikija kushtuka, kidole changu kimeshairudisha palepale pa mama, nami nimekaa nautazama mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Mfaume