Dawa ya Mahamudi

Papa Sumaya,

Damu yenye iko ku mulango ni ya mudogo wako Mahamudi, haiko ya mutoto. Asubui alimupatia Sumaya amoksisilini yake ya kidonda, eti inaponya kikohozi. Dawa ya mutu haigawanywe kama bugali! Mutoto alivimba midomo, akaanza kukosa pumuzi. Nikamupiga Mahamudi na mwiko. Ukavunjika, nikashika sufuria.

Jirani ako anaita motari wa pikipiki, tunakimbia ku hopitali. Maharagi iko ku makala, uiangalie.

~~Mahamudi asikule kwangu.~~ Mupatie akule, kisha ameze dawa yake. Aliacha kuimeza juu maumivu iliisha, sasa kidonda kinatoa usaha. Aimeze yote vile munganga wa hopitali alisema.

Akipona, nitamumaliza mimi mwenyewe.

Mama Sumaya